Kompyuta Iliyoganda Kila Ijumaa

Nianze na yule bwana wa Shumba, maana kama si mdomo wake, kompyuta isingeingia nyumbani kwetu kabisa. Alikuja likizo kutoka Maskati, alikokuwa akifanya kazi pamoja na kaka yangu, akapita kwetu Jadida kuleta salamu. Mama akamtilia kahawa, akamsogezea tende, akaanza kumsaili habari za mwanawe: analala wapi, nani anampikia, bado anakula pilipili kama mwendawazimu? Mgeni akajibu, akajibu, mpaka akajisahau. "Tumshukuru Mungu tu, Bi Mkubwa," akasema. "Siku ile alipoanguka, sisi tulidhani hainuki tena."

Kikombe cha mama kikabaki hewani. "Kaanguka wapi?"

"Aa, si kitu. Aliteleza."

"Kateleza, na nyie mkadhani hainuki?"

Yule bwana aliimaliza kahawa yake ingali ya moto, akaaga huku akivitafuta viatu kwa vidole vya miguu. Mpaka leo nikikutana naye sokoni Wete namtazama kwa jicho la upande. Wallahi nilitaka kumkaba. Kama ni kusema, mtu aseme yote, au anyamaze ale tende zake.

Siku hiyo hiyo tukampigia simu kaka. Kaka yangu ana sauti ya mtu anayecheka hata akiumwa na jino, na ndiyo aliyotutolea. Aliteleza ngazini kazini, mguu ukavimba kidogo, umeshapoa, basi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haya, simama nikuone."

"Mama, si tunaongea kwa simu?"

"Ndiyo maana siitaki hii simu. Tafuta kitu nikuone."

Kaka aliondoka angali kijana, baada ya uchaguzi mmoja wa vyama vingi, zama zile ambazo ukitumwa sukari unafikiri kwanza duka hili ni la chama gani. Yeye hakuwa mtu wa siasa. Alichoka tu, na jamaa zetu wa Oman wakampokea. Tangu hapo mama alikuwa naye kwa sauti na kwa picha, na katika picha zote kaka amesimama, mikono mfukoni, kama anangoja gari. Baada ya ile habari ya kuanguka, picha zikawa za kukaa: yuko kwenye kochi, yuko ndani ya gari, yuko mezani na sahani ya wali. Aliyeliona hilo ni mama, si mimi. Na kutoka hapo hakuwa na swali jingine duniani. Mwanangu anasimama, au hasimami?

Basi kaka akaahidi kompyuta, yenye kamera. Akaahidi tena. Mwisho ikaja kweli, kwa meli, ndani ya boksi lililofungwa kwa utepe mpaka tukatumia kisu cha kuparia samaki kulifungua. Mpya kabisa: skrini, kibodi, kamera ndogo ya kubana juu, na sipiyu nyeusi ambayo mama aliiona akasema ndiyo yenye roho, hii nyingine sura tu. Mimi ndiye niliyeiunga. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali pale mjini, nimeshakaa mbele ya kompyuta miaka, nimejaa maringo. Niliiweka ukumbini, sipiyu chini ya meza, nikatangaza kuwa hakuna kuingia na viatu, kama tulivyofanya ofisini. Mama akaongeza kuwa hakuna kuingia na siasa pia.

Kisha akaivisha. Nyumba zetu hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi; redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata chupa ya chai ina kofia. Mama akafuma vitambaa vitatu, cha skrini, cha kibodi na cha sipiyu, hiki cha mwisho kikubwa, kimeizunguka pande zote mpaka sakafuni na marinda chini. Alitumia nyuzi nyeupe na za waridi. Kijani aliogopa, nyekundu aliogopa, zisije zikasomwa chama, na samawati mjomba angesema neno.

Ijumaa ya kwanza ya kumwona kaka, nyumba ilijaa. Huko kwao Ijumaa hawaendi kazini, ndiyo maana tuliichagua, baada ya sala ya alasiri. Alikuja mjomba, ambaye alikuwa mpinzani mpaka kwenye mswaki. Alikuja mama mdogo, mwenye kabati zima la kanga za chama tawala. Wakawekwa mbali kidogo, karanga katikati. Mama alikuwa ameoga, amevaa, na amefukiza. Hilo la kufukiza msilipite hivi hivi. Kwetu mgeni haji ila chumba kimefukizwa udi, na huyu hakuwa mgeni wa mtaa wa pili. Alikipitisha chetezo kwenye mapazia, kwenye makochi, kwenye kichwa cha kila mtu, halafu akakiweka chini ya meza, akaliinua lile rinda la sipiyu kidogo ili moshi uingie vizuri, kama anavyofukizia nguo zake za kwendea harusini.

Kaka akatokea. Yarabi! Kelele tulizopiga! Alikuwa amenenepa mashavu, ana mvi kwenye ndevu, anacheka. Mjomba kama mkubwa akashika salamu. Na salamu za Kipemba mnazijua. Hujambo, sijambo, za huko, njema, za kazi, alhamdulillahi, wenyeji wote hawajambo, joto vipi, mnasali vizuri, yule bin-ami yako je, na mkewe je. Mama mdogo akapokea, akaanza upya toka hujambo. Majirani mlangoni nao wakarusha zao. Mama, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, akawaachia wageni watangulie. Alipopata zamu yake akavuta kiti, akakohoa, akasema, "Baba, hebu..."

Kaka akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba, mkono umeinuka nusu. Tukamwita, tukamwita. Skrini ikawa nyeusi, halafu mashine ikajiwasha yenyewe, na ilipotaka kuanza ikazimika tena.

"Umeme huo," nikasema.

Na nani asingesema umeme? Umeme wetu wa Pemba miaka ile ulikuwa ukija ukijisikia. Nikaazima ofisini stebilaiza ya kutuliza umeme. Ijumaa ya pili: stebilaiza inasoma vizuri, taa zinawaka vizuri, salamu zimekwisha, mama kavuta kiti, kaka kaganda. Ijumaa ya tatu hivyo hivyo. Mjomba akasema ni wakubwa hao, wanasikiliza, wakishamjua mtu ni wa upande gani wanakata. Mama mdogo akasema wakubwa wana kazi za kufanya, hawana haja ya kusikiliza habari za mke wa bin-ami. Wakakatana maneno mpaka karanga zikaisha. Mimi nikasema ni virusi.

Nikaifunga sipiyu kwenye kanga mbili, nikapata lifti ya pikapu iliyotoka Tumbe na samaki inakwenda Chake, nikaipakata njia nzima huku tenga la samaki linanidondokea mgongoni. Fundi wa Chake akasafisha virusi, akapakia programu zote upya, akaiacha inawaka tangu asubuhi mpaka anafunga. Haikuganda hata kidogo. "Dada, mashine yako nzima," akaniambia, kwa ile sauti wanayotumia mafundi kwa wanawake. Nikamwuliza kama amewahi kuniona nina wazimu. Nikarudi nayo nyumbani, nikaiwasha Jumatatu, nikaandika barua zangu, nikacheza karata, safi. Jumatano, safi. Ijumaa alasiri, kaka kaganda.

Hasira niliyokuwa nayo! Niliipiga ile sipiyu kofi, mbele ya watu. Mama akanizuia mkono.

"Usiipige. Si yake," akasema. Wageni walipoondoka ndipo aliponiambia kilichomo moyoni. "Anaizima yeye."

"Nani?"

"Kaka yako. Haizimiki mjomba wako akisema. Haizimiki mama yako mdogo akisema. Nikikaa mie tu, inazimika. Anajua nitakalomwuliza." Alikuwa akikunja kile kitambaa cha skrini, anakikunja na kukikunjua. "Hana miguu mwanangu. Wamemkata, wananificha."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nikampigia kaka Jumatatu, nikiwa kazini mama asinisikie, nikamfokea. Unazima, huzimi? Akaapa kwa Mungu hazimi. Kwake yeye ni sisi tunaoganda, mama kainua kidole, halafu basi. Nikamwuliza na mguu je. Akasema nimwache, mguu upo. "Upo" si jibu, na yeye anajua kuwa si jibu. Nilikata simu nikakaa naitazama kalenda ya ofisini. Mama alikuwa amepunguza kula. Alikuwa akiamka kusali usiku na mimi namsikia ukutani, na dua yake yote ilikuwa miguu.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa mwalimu kutoka bara, Mkristo, anafundisha kompyuta skuli ya sekondari. Mama alimpenda kwa sababu alikuwa akimaliza chakula, na yeye alimpenda mama ingawa Kipemba cha mama kilimtoa jasho. Kila sentensi ya tatu alinigeukia nimfasirie. Nikamweleza kisa chote. Hakucheka. Akauliza swali ambalo mimi na maringo yangu ya ofisini sikuwahi kujiuliza: "Ijumaa mnafanya nini ambacho Jumatano hamfanyi?"

"Tunampigia kaka."

"Na nini kingine?"

Nikamjibu hakuna. Kweli kabisa, niliona hakuna. Mtu akikuuliza umefanya nini leo, utamwambia umepumua?

"Nitakuja nikae," akasema.

Akaja Ijumaa hiyo, viatu ameviacha nje, soksi mpya. Mama akamkaribisha, "Njoo ukae hapano, mwanangu," akamfukiza kichwa chake na kifua chake kama mwenyeji, naye akapiga chafya tatu za nguvu. Halafu akamwona mama anainama, anaingiza chetezo chini ya meza, anainua rinda. Nilimwona anavyotazama. Adabu ilimzuia kumkataza. Kaka akatokea, salamu zikaanza, na mwalimu taratibu akashuka kwenye kiti, akaingia chini ya meza kwa magoti, akapeleka mkono nyuma ya sipiyu chini ya kile kitambaa. Akautoa haraka.

"Mama," akasema kutoka huko chini, "hii inaungua."

Kaka akaganda.

Tukaizima, tukaitoa. Kilipovuliwa kitambaa, matundu yote ya nyuma yalikuwa yamezibwa na marinda. Mwalimu akafungua ubavu kwa bisibisi. Ndani, wallahi sijapata kuona. Kila kitu kilikuwa na utando wa kahawia unaonata kama asali kuukuu, mabawa ya feni yamenenepa, yameshikana na vumbi, hayazunguki ila kwa kujikongoja. Ukiandika barua, mashine haifanyi kazi kubwa, inavumilia. Ukiita picha na sauti kutoka Maskati, na makaa ya chetezo yako ubavuni, inapata moto kidogo kidogo, na salamu zikiisha moto umejaa, inajizima isiungue. Na harufu iliyotoka mle, mjomba akasogeza pua akasema, "Alaa! Hii inanukia kama bi harusi."

Tulicheka wengine wote, kwa uchovu wa Ijumaa zote zile. Mama hakucheka. Alikuwa amesimama na chetezo mkononi, anakitazama.

"Ni mie?"

"Ni vumbi tu, mama," mwalimu akasema upesi. "Na hewa ya bahari. Na..."

Mimi sijui kudanganya kwa upole. "Ni wewe mama. Moshi wa udi umeingia ndani ukaganda, na nguo uliyoivisha imeiziba pumzi."

Akakaa. "Kwa hiyo nilikuwa nikimfukuza mwenyewe. Kila nikiona hakai, naongeza udi."

Ni kweli, alikuwa akiongeza. Ijumaa ya nne alitia na ubani. Nikaogopa atalia, na mimi mama akilia sina mkono wala mguu. Nikamwambia, "Bora udi, mama. Ungemfukizia na karafuu tungeungua na nyumba." Akanitazama kwa ukali, na ukali wake ulinifurahisha kuliko chochote.

"Hebu nyamaza weye. Ulitaka nimpokee mwanangu kwenye chumba kinachonuka samaki wako wa Tumbe?"

Mwalimu aliisafisha siku mbili, kwa spiriti na mswaki mkuukuu, kipande baada ya kipande juu ya gazeti. Aliirudisha pale pale ukumbini, ubavu wazi, tukaielekezea na feni ya mezani. Vitambaa mama alivifua, akavipiga pasi, akavitia kabatini.

Ijumaa iliyofuata alifukiza, lakini uani. Alisimama peke yake karibu na kisima, akajifunika kanga juu ya chetezo, akatulia humo mpaka moshi ukamwingia, halafu akakizima kwa maji, akaingia ndani ananukia yeye, nyumba hainukii. Watu walikuwa wamekwisha kaa. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele ya skrini, kiti cha mjomba.

"Leo hakuna salamu," akasema.

Mjomba akadhani hakusikia. "Hakuna nini?"

"Salamu. Mtasalimiana Ijumaa ijayo, Mungu akipenda."

Katika umri wangu wote Pemba sijapata kusikia mtu akisema neno kama hilo, na mama mdogo aliziba mdomo kana kwamba limesemwa tusi. Lakini hakuna aliyembishia. Nikapiga. Kaka akatokea na mashavu yake na kicheko chake.

"Assalaam alaikum..."

"Waalaikum salaam. Simama."

Kicheko kikabaki usoni, hakina kazi. "Mama, mjomba sijamsalimu."

"Mjomba wako mzima, yuko hapa anakula karanga. Simama."

"Kamera itanikata kichwa."

"Kichwa chako nakijua. Nataka miguu."

Kaka akajikuna ndevu. Nilimwona anatazama pembeni ya skrini, anangoja. Baadaye alikuja kuniambia kuwa alikuwa anaomba tugande. Alianguka kutoka ghorofani, hakuteleza ngazini. Alitumai kompyuta itachelewa melini mpaka awe anatembea, na ilipofika kabla ya mguu kupona, kila Ijumaa aliomba salamu za mjomba ziwe ndefu. Sasa alingoja, na feni yetu ilivuma, na sisi hatukuganda. Alimwona mama anapepesa macho, anamsubiri.

Akanyoosha mkono pembeni, akavuta mkongojo. Akauweka kwapani. Akasukuma kiti, akasimama, akajivuta nyuma mpaka ukutani, akaonekana mzima.

Miguu ilikuwepo yote miwili. Wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko mwenziwe, haukunji gotini, kidole gumba kinagusa tu sakafu. Alisimama hivyo, kijana wetu wa mikono mfukoni, anatutazama bila kucheka.

"Ndiyo hivi, mama," akasema. "Wananifanyisha mazoezi. Nilitaka kwanza nipone, ndiyo uone."

Nilikuwa nimeshajitayarisha kumdaka mama. Hakuanguka, hakupiga ukelele. Aliinuka, akaisogelea skrini mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa kanga.

"Njoo," akamwambia.

Kaka akatupa hatua. Akasita, akajishika kwenye kile kiti.

"Njoo tena."

Akatupa nyingine, akayumba, mama mdogo akasema "Yarabi" nyuma yangu. Na hapo mama akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kile kioo, viganja wazi, akaanza taratibu, kwa ile sauti ambayo kila mtoto wa kwetu amesimamishiwa nayo mara ya kwanza: "Dede... simama dede... dede, baba, dede..." Akawa anampigia na makofi madogo. Mjomba akaiweka chini sahani ya karanga. Kaka yangu, mwenye mvi kwenye ndevu, akawa analia na kucheka kwa pamoja, anaburuta ule mguu, anamjia, anamjia, mpaka skrini nzima ikawa shati lake na kifungo kimoja, na mama bado mikono ameinyoosha.